Vita vya Bi Mkubwa: Jinsi Daktari Onuki Alivyomteka Nyuki

Sogeeni, enyi wenye masikio na nafasi ya kukaa. Na nyinyi mnaosimama kizingitini, ama ingieni ama tokeni, lakini mlango ufungwe, kwa maana habari ninayowaletea leo yote ilianza na mlango. Nawasimulia jambo kuu lililotendeka huku kwetu Ibaraki, nchini Japani, chini ya mlima wenye vilele viwili, asubuhi moja ya mwezi wa Mei, ndani ya nyumba ya kioo: jinsi Daktari Onuki Sayoko, binti wa wauza tofu, simba wa vyungu, mlinzi wa milango miwili, alivyokabiliana ana kwa ana na adui mwenye mabawa, akamteka kwa kikombe cha plastiki. Ewe ulimi wangu, usinitupe katikati ya sentensi. Ewe kumbukumbu, nipe mambo yalivyokuwa, na pale yatakapokuwa madogo mno, niachie mimi niyavimbishe. Naitwa Yuasa, nafanya kazi na Onuki chumba kimoja, na siku ya vita nilikuwa nimebeba sinia la malimau.

Jueni kwanza chanzo cha yote. Kuna kitunda chekundu cha Afrika Magharibi, kidogo kuliko zeituni, ambacho mtu akikitafuna kisha akauma limau, limau lile humgeukia kuwa tamu mdomoni. Hakuna uganga hapo. Ni protini inayoung'ang'ania ulimi na kuuambia uongo, kwamba ukali ni sukari. Lakini kichaka chake kinakua kwa kujivuta, kinachukia baridi, na matunda yake yakikaa kidogo tu yanaharibika. Basi wakubwa wa kituo chetu cha utafiti wakaketi, wakanywa chai nyingi, wakatoka na shauri: jeni ya protini ile itolewe kwenye kichaka kile kivivu na kupandikizwa ndani ya nyanya, ambayo huzaa haraka na hainung'uniki. Kisha wakatazamana kutafuta wa kuifanya kazi hiyo, na macho yote yakamwangukia Onuki, kwa sababu siku hiyo hakuwepo.

Akaingia katika kazi hiyo akiwa msichana wa kusifiwa macho, akaja kuwa mtu wa kuambiwa na kila anayemwona kwamba apumzike. Nyanya za kwanza zilikufa zingali vipande katika sahani za kioo. Zilizofuata ziliishi, zikanenepa, zikazaa matunda mazuri yasiyo na hata chembe ya protini ile. Nyingine zilikuwa nayo kidogo, kisha watoto wao wakaisahau. Na kila mwaka mpya, familia ikikusanyika kula supu ya keki za mchele, shangazi yake mkubwa alimwuliza mbele ya watu wote: "Sayoko, bado nyanya tu? Mbona sokoni zimejaa?" Naye Onuki alicheka na kujaza bakuli lake tena, na mimi najua, kwa kuwa aliniambia mwenyewe, kwamba kila mara alikwenda bafuni kulia kidogo kabla ya chai.

Mpaka akaja Bi Mkubwa. Hilo ndilo jina alilopewa mmea mmoja wa nyanya, mnene wa shina, uliojaa protini kuliko ndugu zake wote, nao ulikuwa peke yake duniani. Matunda yake ya kwanza yalikuwa ndiyo kwanza yameiva. Hakuna lililokuwa limekwisha kupasuliwa. Mbegu zake zote zilikuwa bado tumboni. Huku juu ulikuwa ukiendelea kutoa maua ya manjano, yamefunguka wazi, yamejaa chavua. Onuki alimsalimia kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi, na hatukuona vibaya.

Sasa sikilizeni sheria, maana bila sheria hakuna vita. Mmea uliobadilishwa jeni hauruhusiwi kutembea, wala wenyewe wala chavua yake. Kwa hiyo nyumba yetu ya kioo ina mlango wa nje na mlango wa ndani, na kati yake kijumba kidogo cha kuvulia viatu na kuvaa ndara za kijani, ambazo hazijawahi kumwenea mtu yeyote. Mlango mmoja haufunguliwi mpaka mwingine ufungwe. Na mdudu akiingia, akagusa maua, kisha akatoroka, basi mimea yote iliyomo, na maua yake, na matunda, na mbegu, hukatwa, ikafungwa mifukoni, ikapikwa kwa mvuke mpaka iwe uji. Sheria hiyo haina msamaha wala haijui nani ni Bi Mkubwa.

Siku hiyo tulikuwa tunamngojea mgeni mtukufu, Mwenyekiti Kuramochi wa Wakfu wa Ulimi Safi, adui wa sukari, kinara wa chai isiyotiwa kitu, ambaye amehutubia taifa zima juu ya ubaya wa peremende, na ambaye wakfu wake umeturuhusu sisi kuendelea kuwepo. Alikuwa aje aonje tunda la kwanza la Bi Mkubwa na kuuma limau. Onuki alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Mimi nilikuwa na sinia langu. Tuliwaona kupitia kioo wakija: Mwenyekiti, mnene, mwenye suti ya kijivu, na Profesa Hatakeyama, mkuu wetu, ambaye kwa adabu hana mpinzani katika mkoa mzima.

Wakaingia kijumba cha kati, wakavaa ndara. Profesa akafungua mlango wa ndani, akainama. Mwenyekiti, aliyekuwa amerudi nyuma hatua ili ainame vizuri zaidi, akausukuma mlango wa nje kwa makalio, ukafunguka, naye akabaki ameuegemea.

"Karibu, Mwenyekiti, pita," alisema Profesa.

"Aa, hapana, Sensei. Tangulia wewe," alisema Mwenyekiti, kwa neno letu la kumheshimu mwalimu.

"Nitatanguliaje mimi? Mgeni ni wewe."

"Mgeni gani anampita mwenye nyumba?"

"Nyumba yenyewe imesimama kwa hisani yako."

"Maneno gani hayo, Sensei! Mimi ni mtu wa mfuko tu. Msomi ni wewe."

"Samahani," alisema Onuki kutoka ndani.

"Nikikupa mgongo, mke wangu atanifukuza," alisema Profesa, akainama zaidi.

"Na mimi nikikutangulia, marehemu mama atanijia ndotoni," alisema Mwenyekiti, akainama kumzidi.

"Samahani sana, milango..." alisema Onuki, kwa sauti ndogo zaidi, maana ukubwa wa jambo ulivyozidi ndivyo sauti yake ilivyotakiwa kupungua, na mtu wa cheo chake angewezaje kuwakatiza wazee wawili wakiwa katikati ya heshima?

Ndipo, juu ya migongo ile miwili iliyoinama, katika uwazi ule ulionyooka kutoka barabarani hadi kwa Bi Mkubwa, akapita nyuki.

Hakuwa nyuki wa hivi hivi. Alikuwa wa ile aina nene yenye manyoya, ambayo jirani yetu mkulima ng'ambo ya barabara anaifuga makusudi ili imchavushie nyanya zake. Jemadari aliyelelewa kwenye nyanya, aliyekula nyanya, asiyejua kazi nyingine duniani. Alizunguka mara moja juu ya malimau yangu, akayadharau, akaenda moja kwa moja kwenye ua la Bi Mkubwa, akaling'ang'ania kwa miguu yote na kulitikisa kwa mvumo mzito. Chavua ikamwagika. Tulimwona akipakwa manjano tumboni, na Onuki akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Fungeni milango!" alipaza, na ilikuwa mara ya kwanza kumwamrisha profesa. "Yote miwili! Sensei, ingia! Mwenyekiti, ingia! Hakuna anayetoka!"

Wakaingia wote kwa pamoja, wakabanana bega kwa bega, milango ikafungwa nyuma yao, na swali la nani atangulie likaamuliwa na hofu.

"Kuna nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nyuki," nilisema.

"Nyuki mmoja?"

Onuki akageuka. Sikilizeni hotuba yake, maana ilitolewa kwa ndara za kijani lakini ilistahili farasi. "Mwenyekiti, samahani kwa kukosa adabu. Nyuki huyu amebeba chavua. Akitoka nje, mimea yote inakwenda jikoni. Yote, na huyu pia. Mbegu zake sijazitoa hata moja. Sina mwingine. Nimeshawaona wenzake wakifa mpaka nimechoka kuwahesabu, na huyu nimempata nikiwa sitazamii tena. Kwa hiyo tutamkamata, Mwenyekiti, hata kama tutakula chakula cha mchana humu, na chakula chenyewe ni malimau."

"Tupo pamoja," alisema Mwenyekiti, akajibanza nyuma yangu.

Basi vita vikaanza. Onuki akatwaa silaha zake, kikombe cha plastiki cha kuonjea mkono wa kulia na kadi ngumu ya jina la mmea mkono wa kushoto, akamwendea adui kwa hatua za paka anayeiba samaki. Akashusha kikombe. Nyuki alikuwa ameshahama. Akamfuata kwenye mstari wa pili wa vyungu. Nyuki akapanda juu. Akapanda kwenye ndoo, nyuki akashuka. Ndara moja ikamvuka, ikaruka, ikampiga Profesa kwenye goti, naye Profesa akaomba radhi kwa ndara. Mimi nami nilipigana, msinione hivi: nililishika sinia kwa uthabiti mkubwa na kuelekeza kwa kidevu.

"Kushoto, Onuki-san! Kushoto kwako!"

"Namwona!"

"Sasa kulia!"

"Yuasa-san, ama uweke hilo sinia chini unisaidie, ama unyamaze!"

"Nani atayashika malimau?"

Hapo Profesa Hatakeyama, mwenye nishani, mwandishi wa vitabu vizito juu ya ulimi na udanganyifu wake, akainua mkono. "Tulieni," alisema. "Mna haraka bila fikra. Adui anapenda utamu. Sisi ni nani? Si ndio mabwana wa utamu? Leta limau, Yuasa-san. Onuki-san, pasua tunda. Tulipake limau maji ya tunda la Bi Mkubwa, tuliweke hapa, na nyuki atakapoonja, ataona hajawahi kukutana na asali ya namna hii. Atanywa, atalewa, tutamfunika. Historia itasema tulishinda kwa sayansi."

Ilikuwa hotuba nzuri, na sote tulisisimka. Onuki akachuma tunda lile la kwanza, lililokuwa liliwe kwa sherehe, akalipasua juu ya kisahani, akazisogeza mbegu pembeni kwa ncha ya kisu, akalipaka limau maji mekundu. Tukaliweka kwenye ukingo wa meza. Tukangoja. Nyuki akaja. Akalizunguka limau, akalikaribia, akaligusa kwa mguu mmoja, akaondoka zake kwa ile dharau ya mteja aliyeonyeshwa samaki wa jana.

 Onuki akamgeukia Profesa taratibu.

"Sensei," alisema, "protini hii inashika ulimi wa binadamu."

"Ndiyo."

"Yule ni nyuki."

Profesa alitazama dari. "Kweli," alisema. "Hilo nililiandika mwenyewe, ukurasa wa mwanzo kabisa."

Na hapo, ndugu zangu, niliona uso wa Onuki ukianza kukata tamaa. Alikuwa amesimama na ndara moja, nywele zimemfunguka, akimtazama Bi Mkubwa kwa macho ya mtu anayeaga kwenye stesheni. Jua lilikuwa limepanda. Madirisha ya paa hujifungua yenyewe joto likizidi, na ingawa yana wavu, wavu ule una umri wake, nasi sote tunajua mahali ulipoachia. Nyuki naye akaanza kupanda juu.

Lakini adui, akiwa njiani kwenda kwenye uhuru, akasita. Akageuka. Akashuka kwa mizunguko mipana, akaipita pua ya Profesa, akalipita sinia, akaenda kutua kifuani pa Mwenyekiti Kuramochi, kwenye mfuko wa koti la kijivu, akaanza kuingia ndani.

"Mama yangu," alisema Mwenyekiti bila kutikisa midomo.

"Usijitikise," alinong'ona Onuki, akija polepole. "Mwenyekiti, mfukoni mna nini?"

"Kitambaa."

"Kitambaa tu?"

"Kitambaa... na dawa ya kikohozi."

Onuki akasogea tena. "Dawa ya kikohozi ya namna gani?"

Jasho lilikuwa likimteremka Mwenyekiti kwenye mashavu. "Ile ya kumung'unya."

"Ya asali?"

"Ina asali kiasi."

"Kiasi gani, Mwenyekiti?"

"Ni asali," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu. "Ni asali tupu, kutoka Nagano, na katikati mna asali nyingine ya maji."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo mnaweza kuwajua watu wetu: Profesa alianza kukagua ukuta, nami nikayahesabu malimau, maana aibu ya mkubwa haitazamwi. Onuki peke yake ndiye aliyemwangalia usoni, kwa huruma kubwa, akamwambia: "Basi tafadhali, itoe kwa vidole viwili, uiweke kiganjani. Taratibu. Mimi niko hapa."

Na Mwenyekiti, ambaye majukwaa yote ya nchi yalimjua kwa ngumi yake iliyokunjwa dhidi ya sukari, akakikunjua kiganja. Katikati yake palikuwa na peremende ya rangi ya dhahabu, imelainika kwa joto la kifua, karatasi yake imefunguliwa nusu, na upande mmoja imeshamung'unywa. Nyuki akatoka mfukoni, akatembea juu ya kifungo, akashuka mkononi, akafika, akatumbukiza ulimi wake. Mvumo ukakoma. Alikuwa amepata kitu kisichomdanganya.

Kikombe kikashuka. Kadi ikapita chini yake. Tukasikia mvumo ukizaliwa upya ndani ya plastiki, mdogo, wenye hasira, nao ulikuwa umefungwa.

"Nimempata," alisema Onuki. Kisha akakaa chini palepale sakafuni, akakumbatia kikombe, akalia mbele yetu bila kwenda bafuni.

Profesa akamgeukia Mwenyekiti. "Dawa ya kikohozi ya Mwenyekiti imetuokoa," alitangaza.

"Pole sana na kikohozi," nilisema mimi.

Mwenyekiti akakohoa mara mbili, vizuri sana.

Baada ya hapo aliuma tunda, akauma limau, akasimama akiwa ameduwaa, akauliza, "Na hamkutia sukari kabisa?" Onuki akajibu, "Hata chembe," naye akauma la pili na la tatu, maji yakimtiririka kidevuni, na akaapa kwamba ni tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula hadharani. Mbegu za tunda lile Onuki alizitandaza kwenye karatasi zikauke, akaandika juu yake kwa kalamu nyeusi jina la mama yao. Bi Mkubwa akabaki kwenye chungu chake, na maua yake, na hakujua lolote.

Ila nyuki hakuweza kurudishwa ng'ambo ya barabara. Sheria ni sheria. Baridi ya jokofu ilimlaza kwanza, mvuke ukamaliza. Na huku kwetu, kiumbe anayekufa kwa ajili ya utafiti hatupwi tu. Nyuma ya jengo letu, karibu na maegesho ya baiskeli, kuna jiwe ambalo kila vuli tunasimama mbele yake na kuwainamia panya na vyura na samaki waliotutangulia. Onuki akataka nyuki naye apelekwe pale, siku ileile. Tukampeleka ndani ya kiboksi cha kiberiti, tukamfukia, tukafumba macho. Kisha ikawa lazima pawekwe sadaka, na hatukuwa tumebeba kitu.

"Limau?" nilishauri.

"Alishalikataa," alisema Onuki.

Mwenyekiti Kuramochi, ambaye gari lake lilikuwa likimngoja, na ambaye hakuna aliyemwomba abaki, akaingiza mkono katika mfuko mwingine, wa ndani. Akatoa peremende ya asali, nzima, ya mwisho. Akaivua karatasi, akainama mpaka suti ikalalamika, akaiweka juu ya jiwe. Profesa akayaelekeza macho yake kwenye baiskeli.

"Mimi," alisema Mwenyekiti, akiwa bado ameinama, "sina kikohozi."

Tulimwinamia yeye pia, kwa muda mrefu kuliko tulivyomwinamia nyuki.

Basi na iandikwe, enyi watakaokuja, kwamba katika nyumba ya kioo ya Ibaraki, milango miwili ilipofunguliwa na adabu, mwanamke mmoja aliifunga kwa sauti yake. Kwamba elimu ilitandika mtego na mtego ukakataliwa. Kwamba kikombe cha kuonjea kilifanya kazi ya upanga. Na kwamba taifa la nyanya, lililokuwa limebakiwa na mama mmoja, lilipona siku hiyo. Wafalme wamejengewa minara kwa kufanya machache kuliko hayo. Nami nilikuwepo, na malimau hayakuanguka hata moja.

Jioni, tukifunga, simu ya Onuki ililia. Ilikuwa ni shangazi, akiuliza kama atakuja kwao mwisho wa wiki, na sauti yake ilisikika hadi nilipokuwa nimesimama: "Au bado nyanya tu, Sayoko?"

Onuki alikitazama kioo, na nyuma yake jani moja la Bi Mkubwa lililokuwa likitikiswa na feni.

"Bado nyanya tu, shangazi," alisema. "Lakini sasa ipo."